Dada Minza, Tyubu Zilikuwa Zimechoka

Dada Minza,

Nimeandika shikamoo mara tatu nikaifuta. Siyo kwamba nimesahau heshima. Mkono unakataa tu. Basi nianze bila salamu, na wewe unisikilize, maana miaka yote minne mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita kaka yako alinipigia simu, akaniomba niende Pasiansi nikasaidie kutoa vitu kwenye ile stoo yako ya nyuma. Alisema, "Kabula, wewe ndiye unayejua vya dada." Nikaenda nikijua nitalia. Niliufungua mlango ule mzito, nikawasha swichi, na taa zako zote sita zikawaka kwa pamoja juu ya meza tupu. Trei zilikuwa zimepangwa pembeni kama ulivyoziacha. Harufu ya udongo wenye samadi ilikuwepo bado. Nikalia, ndiyo. Nililia kwa ajili yako, dada. Hilo nataka ulijue kwanza.

Unakumbuka nilivyokuja kwako? Kiwanda cha samaki kilikuwa kimepunguza watu, na mimi nikawa mmoja wao. Wewe ulikuwa umeshaondoka zamani, umeacha visu vya minofu, unaotesha miche ya nyanya na hoho ndani ya chumba kisicho na dirisha, chini ya taa. Watu walikucheka. Mwanza na jua lote hili, mtu anaotesha miche gizani! Lakini mvua za masika zilipokuwa zinasomba vitalu vya wenzako, na kuku wa majirani wakidonoa vilivyobaki, yako ilikuwa imesimama. Nikakufuata. Kwangu Igogo hakuna hata uwanja wa kuanika nguo, ni mawe mpaka mlangoni. Chumba kimoja cha ziada ndicho nilichokuwa nacho, na ukuta wake mmoja ni jiwe.

Ukaniambia, "Usihangaike na mambo ya taa, mdogo wangu. Hapo ndipo watu wanapopotea. Mimi nitakuchagulia."

Ukanichagulia. Ulikuja na bajaji, tyubu mbili za taa umezifunga kwenye kitenge, umezipakata kama mtoto. Ukazifunga mwenyewe, ukanionyesha choki na stata, vile vidude vya kuziwashia, ukanifundisha kuwasha alfajiri na kuzima jioni. Na ile miche yangu ya kwanza, dada, ilitoka vizuri. Mifupi, minene, majani yamekoza. Siku ile Mama Sabina wa sokoni Mkuyuni alikuja kuiona na wewe ulikuwepo, umekaa kwenye kile kigoda changu. Akashika trei akasema, "Mbona hii imezidi hata ya Pasiansi!"

Ulicheka. Nakumbuka ulicheka sana, ukanipiga begani.

Wiki iliyofuata ulirudi na tyubu nyingine. Ukasema zile za kwanza hazifai kwa hoho, umeniletea zinazofaa, ukazivua zile ukaondoka nazo. Nikakuuliza kama ni mpya. Ukanijibu, "Hizi ni zilezile ninazotumia mimi." Nilifurahi. Nilikuambia asante mara ngapi siku ile?

Tangu hapo sikuwahi kupata trei moja ya maana. Miche ilirefuka kama nyuzi, myeupe, ikilala ubavu kabla hata ya jani la tatu. Nilibadilisha udongo. Nilipunguza maji, nikaongeza maji. Nilichemsha mchanga. Niliomba kanisani. Na kila nilipokuita uje uone, uliinama, ukaigusa kwa kidole, ukaniambia kwa upole kabisa, "Kabula, mkono wako mzito. Kuna watu mimea inawakataa, siyo kosa lako."

Siyo kosa langu. Ulisema hivyo.

Mama yangu alipokuja kutoka Ukerewe akasikia habari za mkono mzito alikasirika. Alisema, "Mkono wa nani mzito? Huyu amepanda mihogo na mimi akiwa na miaka saba, ikaota yote." Nikagombana naye. Nikamwambia mambo ya taa yeye hayajui, Dada Minza ndiye anayeyajua. Alirudi kwake amenuna, na mpaka leo hatujaligusa tena lile neno. Niligombana na mama yangu kwa ajili yako.

Halafu wateja wangu nikawaleta kwako. Mama Sabina nilimshika mkono mimi mwenyewe, nikampandisha ngazi za nyumbani kwako. Nikawa mbebaji wa trei zako kichwani kutoka Pasiansi, na nilijivunia, unajua? Nilisema, kama mkono wangu umekataa, angalau nipo karibu na mkono unaokubali.

Ulipougua nilikuwepo. Siku zile za mwisho hospitalini, miguu imekuvimba, mimi ndiye niliyekukanda kwa maji ya vuguvugu. Ulinitazama muda mrefu siku moja mchana, ukafungua mdomo, ukasema tu, "Kabula, wewe ni mtu mzuri." Nilidhani ni shukrani. Sasa sijui ilikuwa nini. Ulikuwa na nafasi, dada. Chumba kilikuwa kimya, tulikuwa wawili tu.

Basi Jumamosi. Nilipokuwa navua zile tyubu, niliona kwenye ncha ya kila moja umeandika kwa maka peni mwezi ulioiweka. Sikuwahi kukuona ukiandika. Kwenye tyubu ulizokuwa unaniletea hakukuwa na maandishi, ila chuma cha ncha zake kilikuwa kinang'aa, kama kimefutwa kwa spiriti. Nilijiambia labda nakosea. Kisha kwenye droo nikakuta daftari lako la jalada la bluu, mwandiko wako ule uliolala. Kila tyubu, ilipowekwa, ilipotolewa. Na mbele yake: "Imechoka. Ya Kabula." Nikageuza ukurasa. "Zimechoka zote mbili. Za Kabula." Mara tano, dada. Nilihesabu nikiwa nimekaa juu ya ndoo.

Jumatatu nilikwenda kwa Fundi Sospeter wa Mkuyuni, yule anayeuza taa. Nikamuuliza kama mtu asiyejua kitu. Akanieleza bila kujua ananichoma: tyubu huwa inachoka kabla ya kuzima. Jicho linaiona inawaka, linaridhika, lakini mmea unaona njaa. Ukiona kioo karibu na ncha kimeingia weusi, usiipe mche. Chukua ya mwanga mweupe, hii ya njano mwachie mtu wa sebuleni. Ishushe, ibaki shubiri moja tu juu ya majani, na uipandishe kadiri mche unavyokua. Akaongeza kwamba siku hizi wengi wamehamia taa za LED, ila kama choki zangu ni nzima nisizitupe. Maneno machache hivyo. Alimaliza hata chai yake haijapoa. Wewe ulikuwa nayo miaka minne.

Nikanunua mbili nyeupe. Udongo uleule, mbegu zilezile, mkono huuhuu. Leo ni siku ya kumi na moja. Njoo uone. Ah, huwezi. Imesimama, dada, mifupi na minene, na nikipitisha kiganja juu yake inarudi kusimama. Nilidhani nitafurahi. Nilikaa mbele yake nikamlilia yule Kabula aliyekuwa akisugua mikono yake kwa sabuni akitafuta uzito uko wapi.

Nilikuwa mpinzani wako? Mimi? Soko lilikuwa linatutosha wote wawili.

Jana Veronika wako alikuja. Anataka kuendeleza kazi yako, stoo ameachiwa yeye. Aliniuliza, "Mama mdogo, mama alikuwa anachaguaje taa?" Ana macho yako yaleyale. Nikamchukua mpaka kwa Sospeter, nikamwonyesha nyeupe na njano, nikamwonyesha ncha nyeusi, nikampimia shubiri kwa mkono wangu. Nikamwambia tyubu ikichoka aivunje, asimpe mtu. Alidhani natania.

Daftari nitampa, lina mengi mazuri ya kumsaidia. Kurasa zenye jina langu nimezichana. Usidhani ni kwa ajili yako. Ni kwa ajili yake, abaki na mama.

Na kwa mama yangu nitakwenda Ijumaa, na meli ya asubuhi. Nina maneno ya kumwambia.

Nakuahidi hivi: mwanao nitamfundisha chote ninachokijua, sitabakiza hata neno moja mfukoni. Kuhusu mimi na wewe siwezi kuahidi. Siku nitakapokusamehe nitapanda gari mpaka Magu, nisimame pale kaburini, nikuambie kwa mdomo wangu. Usipousikia mguu wangu, ujue bado.

Lala, dada.

Kabula
Igogo