Eda ya Mwantum

Kondoa, 6 Machi

Kwa mwanangu Asma,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo, ila goti langu linanisumbua na mvua imetutupa. Wifi yako Mwantum anakusalimu. Barua hii anakuletea Khalidi wa lori la alizeti, maana umesema simu siku hizi si za kuongelea.

Nilikusikia redioni ukiapa uwaziri. Sauti ilikuwa yako, ila ulisoma mbiombio kama ulivyokuwa ukisoma chuoni ili uwahi kucheza. Mtaa mzima ukaja kunipongeza. Wanataka lami, wanataka maji. Mimi sitaki lami. Tangu walipomchukua kaka yako Abdulrahim dukani, wiki ile ya matokeo ya uchaguzi, sijui kama nina watoto wawili au mmoja. Sasa chama chenu na chama chao mmeunda serikali moja, na wewe unakaa meza moja na wanaojua. Waulize aliko. Hilo tu.

Mama yako

Dodoma, 21 Machi

Shikamoo mama. Pole na goti. Mimi mzima, ila usingizi sina.

Ofisi yangu iko Mtumba, bado inanuka rangi. Naibu wangu ni wa upande wao, katibu ni wa upande wao, na chai ikiletwa kikaoni kila mtu anasubiri mwenzake aonje kwanza. Usicheke, mama. Jana nilisikia nyuma yangu mluzi ule wa Abdulrahim, ule aliopenda kuupiga akifunga duka. Nikageuka. Koridoni hakukuwa na mtu. Nilitoka nikakaa kwenye gari.

Nitauliza. Lakini wakubwa wa chama wananiambia nivute subira, serikali hii ya umoja bado changa na swali kama hilo linaweza kuivunja. Halafu ujue nimeapa kwa Msahafu: linalosemwa ndani ya Baraza la Mawaziri silitoi nje, hata kwako.

Mwanao, Asma

Kondoa, 19 Aprili

Marahaba mwanangu. Unakula lakini?

Kila alfajiri nilikuwa namsikia kaka yako akikohoa nje ya dirisha langu. Mwantum anasema ni mbuzi. Mbuzi wa nani, na sisi hatufugi? Sasa wiki nzima simsikii, na ukimya huu unanitisha kuliko kikohozi. Khalidi anasema huko kwenu mnagombania magari. Nakuuliza kwa maziwa niliyokunyonyesha: umeuliza?

Mama yako

Dodoma, 14 Mei

Shikamoo mama.

Nimeuliza leo, mbele ya wote. Kiapo changu unakijua.

Mwambie Mwantum akae eda.

Mwanao, Asma

Kondoa, 18 Mei

Marahaba.

Eda haikaliwi na mke wa mtu aliye hai. Nimeelewa. Mwantum amevua bangili zake na kuingia ndani, na mimi nimelia mpaka sauti imenikauka. Ijumaa tutamswalia bila mwili. Njoo.

Ila kuna jambo. Shehe Abubakari anasema eda huhesabiwa tangu siku mume alipokufa, si siku habari zilipofika. Ni miezi minne na siku kumi. Kama walimuua wiki ileile waliyomchukua, basi eda imeshapita na Mwantum yuko huru. Tunaomba iwe hivyo, kwamba hakuteseka muda mrefu. Nipe tarehe tu, mwanangu.

Mama yako

Dodoma, 3 Julai

Shikamoo mama. Nisamehe kwa kimya. Khalidi alikuja mara kadhaa, nikamrudisha mikono mitupu. Kwenye swala pia sikuja.

Umeshasikia kuwa serikali yetu imevunjika. Leo nimekuta jina langu limebanduliwa mlangoni, imebaki gundi. Uwaziri nimevuliwa, kiapo sijavuliwa. Hilo nitajibu mwenyewe kwa Mungu. Siwezi kumwacha Mwantum ahesabu vibaya.

Ni tarehe 11 Aprili.

Mama, alikuwa hai siku uliyonisikia redioni. Alikuwa hai muda wote niliokuwa navuta subira. Na tarehe hiyo tulikuwa na kikao. Nilipopewa nafasi ya kusema, nilisimama nikalalamika kwamba mawaziri wa chama chetu tumepewa magari makuukuu.

Naogopa kukaa peke yangu katika nyumba hii. Nije?

Mwanao, Asma

Kondoa, 10 Julai

Asma,

Goti limepona. Barua nimemsomea Mwantum mwenyewe. Hakulia. Akasema, "Kumbe mwezi wa tatu nilipokuwa namfulia shuka, nilikuwa namfulia mtu ambaye angeweza kurudi."

Watu bado wananiuliza kwa nini hukuja kwenye swala. Nawaambia kazi zilikubana.

Eda inaisha Agosti. Mwantum anasema kabla ya hapo hawezi kukutazama usoni, na baada ya hapo hajui. Nilitaka kumgombeza, nikamwacha. Wewe ni mwanangu, nakupenda, na usiku nakuombea wewe kuliko yule aliyekufa.

Usije.

Mama yenu