Mkasi wa Mwalimu wa Urubani

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Mwalimu wetu wa klabu amevunjwa mkono. Amevunjwa! Yule mmoja tuliyebaki naye, ambaye bila yeye shule ya urubani tunafunga milango.

Leo yule binti mwanafunzi karusha ndege peke yake kwa mara ya kwanza. Katua kama unyoya. Mimi kwa kiherehere changu nikawa nimealika wazazi, waone klabu bado iko hai.

Sasa unajua desturi yetu: ukirusha peke yako mara ya kwanza, mwalimu anakukata shati mgongoni na kipande kinatundikwa ukutani. Sisi tumezoea. Wazazi je, nani aliwaambia? Hakuna!

Binti kashuka tu, mwalimu kamshika ukosi kwa nyuma, mkasi huo juu. Baba mtu akaruka uzio. Shoga, mzee wa watu karuka uzio! Ngumi ya kwanza, damu puani. Ya pili, mwalimu chini. Kisha akaukanyaga mkono wenye mkasi, nikausikia ukilia kama kuni kavu inayovunjwa.

"Unamuua mwanangu mbele yangu?"

Binti anapiga kelele, "Baba, ni shati! Baba, ni shati tu!"

Mzee akamtazama mwanawe, akautazama ule mkono. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo amefaulu?"

Mwalimu, kalala pale pale na damu mdomoni, akamjibu, "Amefaulu. Ila ndiye wa mwisho."