Wimbo wa Koku

Kagoma, Muleba

Kwako dada yangu Anastazia,

Amani ya Bwana ikukute mzima huko Bilele. Kile kifua kinachokusumbua wakati wa mvua kimepoa? Sisi tunapumua. Mama haoni vizuri tena, lakini kila jioni anakutaja katika rozari.

Miaka sita hujakanyaga hapa, na sababu ni mimi.

Unakumbuka nilivyohangaika na nyimbo? Yule Padri Mzungu alinipa kwaya kwa kuwa nilijua do-re-mi, kisha akaja kunilaumu: "Mwalimu Petro, watu wanaziacha nyimbo zako mlangoni mwa kanisa." Nikawa nazileta kwako na wenzako mkipalilia kibanja cha migomba, niwaimbie. Ulinicheka: "Kaka, wimbo huu una miguu mingi kama jongoo! Nani atakumbuka upi unatangulia?" Ukanifundisha: sauti ipande mara moja tu, ishuke polepole, irudi ilipoanzia, mtu aliyeinama na jembe asikose pumzi.

Halafu Koku wako akafariki, hajatimiza mwaka. Wiki nzima ulikaa jikoni ukimenya ndizi na kumwimbia. Sauti ilipanda mara moja, ikashuka. Nilikuja kukufariji, dada, lakini niliposimama pale mlangoni vidole vyangu vilikuwa vinahesabu noti za wimbo wako. Mungu anaona. Niliporudi nyumbani niliuandika.

Nikauchangamsha, nikautilia maneno ya Noeli. Nilidhani maneno mapya yanatosha, kwamba wimbo ukishaingia kanisani umesafishwa. Siku ya Noeli kanisa zima liliupokea papo hapo. Padri alitabasamu. Ndipo nikakuona unasimama, khanga mdomoni, unatoka. Nilikukuta uwanjani, ukaniambia: "Umemfukua mwanangu ili watu washangilie." Kesho yake ukaondoka.

Nimeungama. Nimeacha kuufundisha. Haikusaidia kitu. Wachunga ng'ombe wanauimba, wanawake wanauimba wakianika kahawa, na hakuna anayejua ni wa nani. Wiki iliyopita binti yangu aliuimba akichota maji, nikampiga. Akaniuliza, "Baba, nimekosa nini? Si wimbo wako?" Nilimtwisha ndoo yake, naye analia.

Padri anautaka tena Noeli hii. Kuutoa vinywani mwa watu siwezi. Ninachoweza ni kusimama mbele yao niseme kwamba huu ni wimbo wa kumwomboleza mtoto Koku, na mimi niliuiba. Lakini jina ni la mwanao. Safari hii sitaligusa bila ruhusa yako. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza, na kwaya nitaiacha.

Majilio ya Noeli yanaanza Jumapili ijayo. Nakuomba unijibu upesi, dada, hata kwa neno moja. Mpe jibu dereva wa lori la kahawa aliyekuletea barua hii.

Ni mimi kaka yako,
Petro