Upande wa Kushoto wa Hedvig

Jumatano, 6 Septemba 1933

Imeingia! Hedvig imeingia bandarini Mariehamn, na niliyeiona kwanza ni mimi. Nilikuwa juu ya paa la ghala natengeneza mbao – sawa, nilikuwa nimekimbia viazi. Milingoti minne. Matanga ya mraba moja juu ya jingine, kama ngazi ya kwenda mbinguni. Eti meli ni meli tu. Wanaosema hivyo hawana macho. Meli ya moshi ni sufuria lenye bomba. Hedvig ndiyo meli.

Mama kasema viazi havijichimbi. Dada yangu Signe kasema mimi ndiye baharia pekee visiwa vyote vya Åland ambaye hajalowa kupita magoti. Wivu.

Wanatafuta kijana mmoja. Mmoja tu, wa kwenda Australia kuchukua ngano. Wanang'oa nanga Ijumaa ya wiki ijayo. Na kaka Evert aliandika kutoka baharini kwamba wenye meli hizi wanaziuza zikakatwe vyuma, na kwamba Hedvig huenda inafanya safari ya mwisho. Kwa hiyo hakuna habari ya mwakani. Ni sasa.

Ijumaa, 8 Septemba

Mazoezi kwenye ubao wangu, banda la ng'ombe. Naandika yote hapa ili siku nikiwa nahodha watu wajue nilianzaje. (Signe, kama unasoma hapa, toa pua yako.)

Meli kama Hedvig ina kamba kupita mia mbili, na kila kamba ina kigingi chake inapofungwa, ubavuni. Meli zote za namna hii ni hivyo hivyo, ili baharia akitoka hii akapanda ile, aende gizani bila taa na kushika anachokitaka. Evert alinichorea ubavu mmoja, wa kulia, kuanzia omo mbele hadi tezi nyuma. Chini akaandika: upande wa pili ni vivyo hivyo. Nikatoboa ubao, nikachomeka vigingi arobaini vya kamba kuu, nikaupigilia ukutani. Majira yote ya baridi nimesimama pale nimefumba macho, Signe anakamua nyuma yangu. Cha kwanza kutoka kushoto, cha pili, cha tatu. Mama anasema nimeshaanza kuvitaja usingizini.

Na Alrik wa shamba la jirani nimemfundisha mimi. Mkubwa kama mlango, mpole kama uji. Akikosea nampigia mluzi, mifupi miwili kupitia pengo la meno yangu, na yeye anarudi alikotoka na kuanza upya. Nilimwambia ananikumbusha mbwa wa kondoo. Akacheka! Hana hasira yule, ndiyo shida yake.

Naye anataka Hedvig. Maskini.

Jumamosi, 9 Septemba

Sitaki kuandika.

Baadaye. Haya, naandika.

Nilikwenda peke yangu. Alrik alikuwa shambani anavuna shayiri na baba yake, na mimi sikumkumbusha. Napanda ngazi ya Hedvig, nanusa lami na katani, moyo unaruka – na midomo ikajiendea yenyewe ikapiga mluzi. Mimi! Hata mtoto mchanga wa huku anajua mluzi huita dhoruba. Bwana Sjöblom, naibu wa nahodha, alitokea kama radi. Mtu mfupi, ndevu kama brashi ya viatu.

"Unamwita nani, bwana mdogo? Upepo tunao wa kutosha. Mluzi mmoja tena, juu ya meli au hapo gatini, na Hedvig hutaikanyaga maisha yako."

Nikaomba radhi. Halafu nikamwambia najua kamba zote, hata jirani yangu nimemfundisha.

"Zote?"

"Ukitaka nifumbe macho."

Akanipeleka ubavu wa kulia. Akataja, nikashika. Akataja, nikashika. Henza, kamba ya kupandishia tanga, ile ya juu kabisa? Kigingi cha saba. Mpishi alitoka jikoni na kisu chake kuja kutazama. Nilikuwa moto, naapa. Mara akanivusha upande wa kushoto. Nikawaza, vivyo hivyo. Nikafumba, nikahesabu kutoka kushoto, saba, nikashika kwa madaha.

"Umeshika nini?"

"Henza, bwana."

"Fungua macho."

Haikuwa henza. Nikajaribu nyingine, si yenyewe. Nyingine tena, si yenyewe. Ingekuwa usiku wa tufani, akasema Bwana Sjöblom, ningekuwa nimeshawaangushia wenzangu foromali vichwani, ile miti ya kulala inayobeba matanga. Mpishi alicheka mpaka kisu kikamtoka.

"Wewe ni nusu baharia," akasema Bwana Sjöblom. "Nikipata meli yenye ubavu mmoja nitakuita."

Lakini kumbe alipenda ule ubavu wa kulia. Akaniambia nirudi Jumatano asubuhi, na huyo jirani niliyemfundisha nije naye. Kitambaa machoni, kamba kumi kila upande. Atakayekosea kamba chache ndiye atakayeondoka na Hedvig.

Mimi naona Hedvig imefungwa vibaya upande wa kushoto. Nitamwandikia Evert.

Jumapili, 10 Septemba

Kanisani. Mchungaji kahubiri juu ya majivuno. Signe kanikanyaga mguu mara mbili.

Nyumbani mama alipika ile keki ya maziwa na iliki. Sikula. Sawa, nilikula kidogo. Vipande vitatu. Mama akasema kwenda tezi na omo, marejeo ngamani, na kwamba ngama yangu mimi, lile tumbo la meli wanamorudi wote, ni shamba la viazi.

Jumatatu, 11 Septemba

Nimejua!

Asubuhi nilikuwa mbele ya ubao nautukana. Signe alikuwa anamkamua Majros, ng'ombe wetu mwenye pembe moja. Akaniuliza, bila hata kugeuka, huo ubao wako mbele ni wapi? Kushoto, nikamwambia, cha kwanza kutoka kushoto ndicho cha omo.

"Pande zote mbili?"

"Evert kaandika ni vivyo hivyo."

"Njoo simama hapa. Kichwa cha Majros kiko mkono gani?"

"Kulia."

"Zunguka upande wa pili."

Nikazunguka. Nikasimama. Kichwa kilikuwa kushoto, kinatafuna, kinanitazama kama mpishi wa Hedvig.

"Basi hesabu kutoka kichwani," akasema Signe, "usihesabu kutoka mkono wako. Miezi sita unanipigia kelele hapa, hata Majros anajua kuwa ana pande mbili."

Ndiyo hiyo tu. Ubavu wa kulia ukitazama bahari, omo iko kushoto kwako. Ukivuka ubavu wa pili, omo inahamia kulia. Mimi nilianzia tezi nikaenda kinyumenyume kama kaa. Mchana nikaupigilia ubao ukuta wa pili, nikahesabu kutoka omo. Arobaini kwa arobaini. Nilimbusu Majros. Signe hakutaka busu.

Halafu akauliza: na Alrik?

Nikamwambia Alrik ana macho yake.

Jumanne, 12 Septemba

Alrik, ambaye habari ya mtihani nilimpa kanisani, alikuja jioni, makapi ya shayiri yamejaa nywele. Tuliketi juu ya ukuta wa mawe. Siku nzima nilikuwa nimejiambia haya: sikumzuia kwenda kuuliza. Sikumwomba ajifunze kwangu. Nafasi ni moja. Kila mtu na kigingi chake.

"Ilikuwaje Jumamosi?"

"Rahisi," nikasema.

"Na upande wa kushoto? Kuna tofauti?"

Hapo ndipo palipokuwa pake pa kusema. Nikatazama milingoti ya Hedvig juu ya miti, minne, jua limeipaka rangi ya shaba.

"Vivyo hivyo," nikasema. Ni kweli, ndivyo alivyoandika Evert.

Akaitikia kwa kichwa. Halafu akatoa kisu chake, kile chenye mpini wa pembe, cha babu yake.

"Wakikuchukua wewe, kesho nitakuwa na huzuni nitasahau. Kichukue leo. Baharia bila kisu, watu watakucheka."

"Je, wakikuchukua wewe?"

"Utanirudishia, bwana! Kwani unahamia nacho wapi?" Akacheka, akanipiga bega karibu nianguke ukutani.

Kisu kiko hapa mezani. Kizito kuliko kinavyoonekana.

Jumatano, 13 Septemba

Naandika gatini, nimekaa juu ya gogo la kufungia kamba, maana nikikaa bila kufanya kitu nitatafuna kofia. Alrik ndiye wa kwanza. Bwana Sjöblom kasema mkubwa aanze. Mimi ni mkubwa kwa miezi miwili, lakini alikuwa anapima kwa macho.

Signe yupo. Kaja na mkate mweusi na samaki wa chumvi, eti kaja kuniaga. Ameniuliza swali moja tu, kama nilimwambia Alrik. Nikainamia daftari hili. Kachukua mkate wake kaenda kukaa gogo la pili.

Alrik amefungwa kitambaa chekundu. Ubavu wa kulia sasa. Bwana Sjöblom anataja, mkono wa Alrik unakwenda taratibu, unashika. Moja. Mbili. Tano. Nimemfundisha vizuri, siwezi kukataa. Kumi kwa kumi! Mpishi anapiga makofi.

Wanamvusha. Sasa wako ubavu wa kushoto, huu ulioelekea gati, hatua kumi kutoka nilipo. Namwona Alrik uso mzima. Anatabasamu chini ya kitambaa, anajua ameshamaliza. Bwana Sjöblom kanipa mgongo.

"Henza, ya juu kabisa."

Alrik anainua mkono. Anaupeleka kushoto kwake. Kule ni tezi. Anaanza kuhesabu, midomo inatembea, kimoja, viwili, kama nilivyomfundisha.

Kisu kinanichoma paja kupitia mfukoni. Signe hanitazami.

Vinne. Vitano.

Nimepiga.

Mifupi miwili. Sikuamua, au niliamua, sijui. Yule aliyekuwa anaviringisha pipa gatini kasimama. Mkono wa Alrik umeganda hewani. Kainamisha kichwa, anawaza. Sasa unarudi, kigingi kwa kigingi, unapita alipoanzia, unakwenda mpaka omo kabisa. Anaanza upya.

Bwana Sjöblom kageuka. Kauliza nani huyo, bila kupaza sauti, na hiyo ni mbaya zaidi. Anashuka ngazi.

Signe kahamia gogo langu. Ananong'ona sema ni mimi, sema ni mimi, mimi hawanichukui hata hivyo.

Lakini mluzi ule haupigwi bila pengo, na hapa gatini mwenye pengo ni mmoja. Bwana Sjöblom kafika ngazi ya mwisho, anatazama midomo ya watu. Juu kule Alrik kashika cha saba, na ni henza, na mimi najitahidi nisicheke, sina jinsi, meno yote nje, pengo na lote, na Bwana Sjöblom kasimama mbele yangu.