Kadi ya Bibi Kutu

KITUO CHA POLISI, BURBANK, CALIFORNIA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Garo Tutunjian
Umri: Miaka 61
Kazi: Mtunza ukuta wa mipango, studio ya filamu ya Larkmoor
Makazi: Glendale
Tarehe na saa: Alhamisi, 12 Machi 2026, saa nne na robo asubuhi
Mbele ya: Mpelelezi Tamsin Orozco

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu, na kabla ya yote naomba iandikwe kwamba ni mtu mwenye bahati. Mpelelezi amesema hilo halihusiani na kesi. Nimemwambia, dada, andika tu, litahusika. Nimekaa katika chumba kimoja miaka kumi na tisa. Wakuu watano wamepita, kila mmoja akaondoka amekumbatia boksi la vitu vyake. Mwenzangu wa ukutani, Verna Pruitt, naye aliondoka mwaka 2014. Mimi nipo. Kadi zaidi ya mia nne zimepita katika vidole hivi na haijanipotea hata moja. Kuna watu wamesoma vyuo viwili wakaishia kupewa kiti nje ya mlango ule. Mimi niliishia darasa la tisa, na naingia kwa ufunguo wangu.

Ukuta wetu una urefu wa mita kumi na moja. Kila filamu ina kadi yake, ina jina, tarehe ya kutoka, na nyuma imeandikwa nani anakufa na nani anabaki. Filamu zote ni za ulimwengu mmoja. Shujaa wa filamu hii anakatiza barabara katika filamu ile, na adui aliyepigwa huku anapewa filamu yake mwenyewe kule, watu waone alivyoanza kuharibika. Uzi mwekundu unatoka kadi hadi kadi. Mimi ndiye ninayebandika, ninayebandua na ninayefunga uzi. Kwa sasa tumefika mwaka 2037. Mle ndani ni mimi peke yangu ninayepiga hesabu nitakuwa na miaka mingapi filamu ya thelathini na moja ikitoka, na jibu silipendi. Zamani steringi hafi, adui anakufa, watu wanakwenda kulala. Siku hizi adui naye ana mama, ana utoto, ana filamu tatu. Akiuawa kwa bahati mbaya anatafutiwa pacha. Ukutani nina mapacha watano.

Kuna sheria moja ambayo mpelelezi ameniomba niieleze vizuri. Hakuna mtu anayeuawa wala filamu inayofutwa mpaka mimi niishushe kadi yake mbele ya wote, niisome kwa sauti, mbele na nyuma, ndipo wapige kura. Kadi isiyokuwepo haipigiwi kura. Sheria hiyo aliiweka mkuu wa kwanza, baada ya waongozaji wawili kumuua mtu mmoja katika filamu mbili, mmoja kwa moto na mwingine kwa maji, na zote zilikuwa zimeshapigwa picha.

Mnamo tarehe 9 Machi 2026, siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, kikao cha mipango kilianza. Kiliongozwa na Preston Lindqvist, mkuu wetu wa sasa. Waandishi walikuwa saba. Mmoja wao ni Ximena Barragán, umri kama miaka arobaini na tatu, ambaye ndiye aliyemtunga Bibi Kutu. Huyo ni adui katika filamu ya kumi na nne. Akigusa chuma, kinaoza. Ximena alimtunga kwa kumfuata mama yake mzazi, aliyekwangua kutu ya meli bandarini San Pedro miaka ishirini na nane, na mapafu yakamwisha. Watazamaji walimpenda Bibi Kutu kuliko shujaa aliyekuja kumpiga, ndiyo maana akapewa filamu yake mwenyewe, kadi namba kumi na tisa, itoke Mei 2028. Ximena ameiandika miaka mitatu. Ameandika rasimu kumi na mbili. Nazijua, kwa sababu alikuwa ananisomea wakati wa chakula cha mchana. Mimi nampa nusu ya mkate wangu wa nyama, yeye ananipa kurasa.

Mnamo saa tisa alasiri Preston alisema katika filamu ya kumi na saba panahitajika kifo kikubwa, na kifo chenyewe kiwe cha Bibi Kutu. Ximena alimwuliza, na filamu ya kumi na tisa je. Preston alisema inaweza kuwa ya binti yake.

"Hana binti," Ximena alisema.

"Basi mpe," Preston alijibu. "Una usiku mzima."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha watu wenye mikopo ya nyumba. Ximena alisimama akasema, "Preston, huyu mama ameshakufa mara moja. Mimi ndiye niliyemzika. Simuui tena ili wewe upate makofi." Kisha akatoka. Kura ikapangwa kesho yake, Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi.

Naeleza sasa jambo lililokuwa linajulikana na kila mtu chumbani. Mkataba wa mwigizaji wa Bibi Kutu ulikuwa unasainiwa Jumatano saa sita mchana. Ukishasainiwa, analipwa awe hai au maiti, na studio yetu haijawahi kumlipa maiti. Kwa hiyo Bibi Kutu akifika Jumatano saa sita akiwa mzima, amepona.

Jumatatu hiyo jioni, saa kumi na moja na dakika arobaini, Ximena alirudi chumbani kuchukua koti lake. Mlinzi, Clarence Yoo, alimwona akiingia na akiandika jina kwenye daftari la mlangoni. Nilikuwa nakunja uzi. Alisimama mbele ya kadi namba kumi na tisa bila kuigusa. Aliniuliza, "Garo, wewe huchoki?" Nilimwambia mimi nilichoka wakati wa mkuu wa pili, tangu hapo ni mazoea tu. Alicheka, akaniaga, akaondoka. Alikaa dakika nne, si zaidi. Mimi nilifunga mlango saa kumi na moja na dakika hamsini na tano.

Jumanne, tarehe 10 Machi, saa tatu na nusu, wote walikuwa wamekaa. Preston alinitaka nishushe kadi namba kumi na tisa. Nilikwenda ukutani. Palikuwa na uzi unaning'inia na tundu la pini. Nilisema haipo.

Kwa kawaida hapo kikao kinaahirishwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Lakini Preston hakuahirisha. Alisema nyuma ya kadi ile pana mwisho wa filamu tatu, kwamba kuna studio zingeuza ndugu zao kuupata, kwamba huo ni wizi. Alimwita Clarence afunge mlango na apekue mifuko ya kila mtu. Clarence alianza kupekua huku akiomba radhi kwa kila aliyemfikia, ni mtu mstaarabu. Katika mkoba wa Ximena ilipatikana pini moja nyekundu ya ukutani, imefungwa kwenye kitambaa, na upekuzi ukaishia hapo.

Preston alimwuliza ameipata wapi. Ximena alisema alipewa. Na nani? Alinitazama mara moja tu, kisha akatazama dirishani.

Mpelelezi ameniuliza kama najua pini ile ilitoka wapi. Najua. Nilimpa mimi, tarehe 3 Februari 2023, siku kadi yake ilipopanda ukutani. Ni desturi yangu. Mwandishi ambaye filamu yake inapanda kwa mara ya kwanza, pini ya kwanza ninayoitumia naibadilisha na nyingine, ile namkabidhi mwenyewe. Studio hairuhusu, maana pini ni mali ya studio, na nimebakiza miezi minne nistaafu. Ximena anaijua hiyo miezi. Tumeihesabu pamoja. Ndiyo sababu hakunitaja.

Nami nilikuwa nimesimama pale, hatua tatu. Nilitazama viatu vyangu. Ni viatu vya kahawia, kamba moja imekatika.

Clarence alimsindikiza nje saa nne na dakika kumi. Alikuwa amebeba boksi, na juu ya boksi chungu cha mmea ambao hauna hata jani, lakini huwa anaumwagilia. Alipopita karibu yangu alisema, "Kula, Garo. Usikae na njaa." Nimeambiwa sasa anaweza kushtakiwa kwa wizi wa siri za kampuni.

Kura haikupigwa, na Jumatano saa sita mchana mkataba ulisainiwa kama ulivyopangwa. Bibi Kutu yuko hai. Amepewa mwandishi mwingine, kijana mzuri tu, hana kosa. Jana hiyohiyo aliniuliza kutu inanukaje. Nilimwambia sijui.

Mpelelezi ameniuliza kama kuna mtu mwingine aliyekuwa na ufunguo wa chumba. Ni mimi tu.

Kadi namba kumi na tisa hii hapa, naiweka mezani. Ilikuwa chini ya chakula changu, katika mfuko wa mchana, ndiyo maana ina doa la mafuta. Niliibandua Jumatatu saa kumi na moja na dakika hamsini jioni, baada ya Ximena kuondoka. Hakunituma na hakujua. Sikutaka kuiuza wala kumwonyesha mtu. Nilitaka kikao kiahirishwe siku moja, Jumatano ifike, mama wa watu apone, kisha niseme kadi ilidondoka nyuma ya kabati. Akili yangu ya darasa la tisa ilifika hapo ikaishiwa mafuta. Nililinda mtu wa kwenye karatasi, nikamtupa mwenye damu.

Kwa nini sikusema Jumanne? Mpelelezi ameuliza mara mbili. Nilidhani nitasema baada ya chakula. Halafu nikadhani nitasema kesho. Leo nimekuja kwa basi, mwenyewe, sikuitwa.

Nimesomewa yote haya na ndivyo nilivyoyasema, kwa hiari yangu, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu. Sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: G. Tutunjian

MAELEZO YA AFISA: Kadi moja, yenye namba 19 na doa la mafuta, imepokelewa na kuwekwa kama kielelezo. Shahidi ameelezwa haki zake kabla ya kukabidhi kadi na tena baada ya kusaini. Nilimwuliza kama angependa aya ya kwanza ifutwe, kwa kuwa hailingani na mengine. Amekataa. Ameomba kalamu aongeze mwenyewe mistari ifuatayo. T. Orozco, saa tano na dakika ishirini asubuhi.

Ile ya bahati ni uongo. Mwaka 2014 ilipotea kadi, akafukuzwa Verna Pruitt. Wiki mbili baadaye niliikuta nyuma ya kabati, nikaibandika, nikanyamaza. G.T.