Mugisha na Gari la Kupanda Mawe

Baba Mugisha,

Habari za nyumbani? Mama mkwe, shikamoo. Binti yetu Koku hajambo? Deo na mkewe nawasalimu, na mtoto wao, homa imeshuka?

Kumbe kazi ya mwanetu huku Mwanza ni kulijaribu gari jipya la matajiri. Analikimbiza kwenye mawe ya Mkolani mpaka lishindwe, ndipo mafundi waliimarishe. Jana alinipakia. Ndani kama sebuleni, nikavua kandambili mlangoni, tukaziacha chini! Lilipoanza kupanda jiwe nikamng'ang'ania shati: "Mwanangu, turudi kwetu!" Akacheka: "Mama, afadhali lishindwe nikiwamo mimi kuliko wakiwamo watoto wa watu."

Nilikuja kumrudisha. Wewe baba yake unasemaje? Na baridi ya huko, vaa sweta, mume wangu. Nijibu upesi, maana nimeshaanza kumwombea badala ya kumkataza.

Mama Mugisha