Lebo Inayosema Nirudishe

Jumatatu, 3 Machi

Lebo mpya zimefika kutoka kwa wachapaji. Afadhali! Wiki nzima ya vikao kwa ajili ya neno moja. Yote ni ile picha — chupa yetu ya juisi imelala ufukweni katikati ya takataka, na jina la kampuni linasomeka vizuri kuliko kwenye bango letu la barabarani. Watu wameisambaza mpaka basi. Dawa ya bosi: tuweke neno kwenye lebo. Si mapipa, si gari la kukusanya. Neno!

Yeye alitaka REJELEZA, yaani chupa isagwe itengenezwe upya. Nikasema tumuulize mlinzi wa getini maana yake. Mlinzi akafikiri sana, akasema ni pale mwanafunzi anapofeli akarudia darasa. Kikao kizima kikacheka isipokuwa bosi. Basi nikatoa langu: NIRUDISHE. Fupi, halina utata. Wakapiga makofi. Mimi ndiye mtu wa lebo hapa, kazi ambayo hata mama yangu mzazi haelewi ni kazi gani. Leo nimejisikia mtu.

Jumanne, 11 Machi

Mama mkwe ana duka chini ya ghorofa yetu. Jioni kapanda ngazi akihema, kapu la chupa tupu mkononi. Zetu. Anasema wateja wanazirudisha dukani na yeye hajui azipeleke wapi. Nikamweleza: mama, maana yake zirudishwe kwenye mapipa ya plastiki. Akauliza mapipa gani. Mtaa mzima hauna hata moja.

Watu wameelewa kama zile chupa za soda za kioo. Ukinywa unarudisha, kwa sababu chupa ni ya kampuni. Yaani wameisoma lebo, na wakaiamini! Miaka yote naandika lebo, sijawahi kufikiria kuna mtu anazisoma.

Mume wangu kacheka mpaka kashika mbavu. Anasema chupa imechoka na ndoa, inasema nirudishe kwetu, na kwao si kwenu kiwandani? Nikamtupia mto. Ila kasema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi.

Ijumaa, 14 Machi

Magunia ya chupa tupu getini. Mlinzi kazuia, watu wakayaegemeza ukutani wakaondoka zao. Mwanamke mmoja kamuuliza kama hajui kusoma.

Bosi kaniita. Kwa nini nimeandika nirudishe bila kusema irudishwe wapi? Nikamkumbusha kwamba alipiga makofi. Akasema yeye alipiga makofi kwa heshima tu. Jamani!

Jumatano, 19 Machi

Nimempata mwenye mtambo wa kusaga plastiki, kule ng'ambo ya reli. Nimezungumza naye kwa simu ya kazini, kwa sauti, makusudi, ili bosi asikie. Anazitaka zote. Plastiki yetu ni safi, haina rangi, anaigombania. Masharti mawili: tupeleke kwa lori letu, na ziwe kavu. Zikishaingia tope hazitaki, zinamharibia mali yake yote.

Lori tunalo. Linakwenda kupeleka juisi na linarudi tupu, linapita palepale kwenye reli. Nikamfuata bosi mbio kama mtu aliyeokota dhahabu.

Akakataa. Anasema si suala la lori. Tukipeleka leo, kesho tutakuwa tumekubali kwamba chupa tupu ni zetu, na zikishakuwa zetu, hata ile ya ufukweni ni yetu. Nikamwambia bosi, jina letu limeandikwa juu yake. Akasema jina ni la juisi, chupa ni ya aliyeinywa.

Nimerudi mezani kwangu nikanywa maji mpaka tumbo likauma. Hasira nyingine hazina pa kwenda.

Alhamisi, 20 Machi

Wageni kutoka makao makuu wanakuja Jumatatu. Kwa hiyo magunia yote yamehamishiwa nyuma ya stoo, yamepangwa kwenye ukingo wa mtaro, eti wageni hawapiti huko. Dereva wa lori kayabeba na wenzake huku ananiangalia. Funika kombe mwanaharamu apite, akasema.

Mtaro ule unapita chini ya barabara na kwenda moja kwa moja baharini. Hauna chekeche, hauna chochote. Mvua ikinyesha mara moja tu ya nguvu, tutapata picha nyingine ufukweni, safari hii elfu. Nimemwambia bosi. Akatazama dirishani, akasema mbona jua linawaka.

Jumamosi, 22 Machi

Mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nimelichuma, na leo tumelila nyumba nzima.

Jana bosi kanipa kazi ya kuandika tangazo. HATUPOKEI CHUPA TUPU. NENO LILILO KWENYE LEBO NI KOSA LA UCHAPAJI. Kosa la uchapaji! Kama vile herufi zilianguka zenyewe zikajipanga. Nimeliandika. Nimelipiga chapa. Nimekuja nalo nyumbani kwenye mkoba, na mama mkwe, ambaye haoni sindano lakini tangazo huliona, kaliona.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Kanichukua mpaka juu ya paa. Sikuwa nimepanda huko wiki nzima. Chupa! Paa zima! Zimeoshwa, zimepinduliwa vichwa chini zikauke, vifuniko vimetengwa kwenye beseni. Majirani wanamletea, anaosha nao kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Nikamuuliza mama, nani kawaambia mzioshe? Akasema unarudishaje chombo cha watu kichafu?

Nilitaka kulia pale pale.

Kisha akasema mtaa mzima amewaambia kwamba neno hilo ni la mkwe wake. Sasa Jumatatu wanazipeleka kiwandani, awaambie nini? Nani mwongo, yeye, chupa, au mimi? Mume wangu akajaribu kuingiza utani, mama akamwambia nyamaza wewe, wakubwa wanaongea. Ana miaka arobaini na mbili, maskini.

Jumapili, 23 Machi

Mawingu. Joto la kunata.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika nimesimama, kwenye kibanda cha mlinzi. Lazima niandike la sivyo nitapiga mtu.

Wageni wako juu na bosi, wanakunywa juisi. Nje ya geti watu wamejaa na magunia, na wa mbele kabisa ni mama mkwe na kina mama wa ghorofa yetu. Hajanisalimia. Bosi kapiga simu hapa kibandani: nikabandike tangazo haraka, niwaeleze kwa upole kuwa ni kosa la uchapaji, waondoke kabla wageni hawajashuka. Nikasema ndiyo bosi. Ndiyo bosi! Mdomo huu!

Nikatoka. Nikaanza, mama zangu, lile neno kwenye lebo... Mama mkwe akauliza, limefanyaje? Kwa upole kabisa. Nikasema ngojeni kidogo, nikarudi humu ndani na tangazo langu.

Matone yameanza. Mlinzi anasema madamu, watu wanalowa, chupa zinalowa, nifungue au nisifungue? Nikafikiria mshahara. Nikafikiria ada ya shule. Nikamwambia fungua.

Wameingia wote. Dereva kashusha mlango wa nyuma wa lori kabla sijamwambia lolote, wanapakia, wamefunika magunia kwa khanga zao wenyewe. Juu dirishani nyuso za wageni zimejipanga. Mmoja ametoa simu anapiga picha. Bosi simwoni.

Simu ya kibandani inalia. Mlinzi ananitazama, mimi natazama simu. Mama mkwe kaingia kujikinga mvua, kaiona inalia, kainyanyua yeye. Haloo. Ndiyo, yupo. Hapana, ana kazi. "Mimi? Mimi nimeleta chupa zako, baba. Shuka uzipokee, mvua hii."

Huku kashika simu, kanipungia mkono nitoke. Magunia ya nyuma ya stoo hatujayagusa, na mtaro umeanza kujaa. Natoka.